Alama kwenye Mkia

Mjukuu wangu ana umri wa miaka tisa, nami nimekwisha kuvuka sabini. Mwezi uliopita tulisafiri pamoja kwa siku tatu, sisi wawili tu, bila wazazi wake wala mtu mwingine wa kutuamulia, kwenda pwani kuwatazama nyangumi. Wazo lilikuwa lake. Jioni moja aliniuliza kama ni kweli kwamba yupo mnyama ambaye ulimi wake peke yake unaweza kuwa na uzito wa tembo mzima, na nilipomjibu kwamba ndivyo alivyo nyangumi buluu, akanyamaza kidogo kisha akataka kujua ni lini tungekwenda kumwona. Ilinibidi nimweleze kwamba nyangumi buluu hukaa mbali baharini na kwamba wanaomwona ni wachache, ila yuko jamaa yake, nyangumi mwenye nundu, ambaye kila mwaka hujisogeza karibu na pwani.

Nyangumi huyu hula wakati wa kiangazi katika maji baridi ya karibu na ncha za dunia, kisha husafiri maelfu ya kilomita hadi maji ya joto ili kujamiiana na kuzaa. Mama mwenye mtoto mchanga hupenda maji tulivu, yasiyo na kina kikubwa, na ndiyo maana mashua ndogo inaweza kumfikia. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa anayepanga safari ya namna hii ni kujua majira. Aliyekosea mwezi hata akikaa baharini kutwa nzima atarudi na chumvi usoni tu.

Siku ya kwanza niliitenga kwa mapumziko, kwa sababu magoti yangu hayakubali tena safari mbili mfululizo. Ikawa ndiyo siku ndefu kuliko zote. Maji yalikuwa yamekupwa sana, kwani ulikuwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na miamba iliyofunikwa siku nyingine ilikuwa wazi, ikiwa na vidimbwi vilivyobakia katika kila ufa. Nilikaa juu ya jiwe nikitarajia kwamba mtoto angechoka baada ya nusu saa. Baada ya saa mbili alikuwa bado amechutama mbele ya kidimbwi kisichozidi upana wa sinia, akimfuatilia kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono aliyekufa. Nilimwambia kwamba kaa huyo akikua hulazimika kutafuta kombe kubwa zaidi na kuhama, na kwamba wakati wa kuhama tumbo lake laini hubaki wazi mbele ya kila adui. Tangu hapo hakutaka kuondoka kabla hajamwona akihama. Hakuhama. Maji yalipoanza kujaa ndipo nilipofanikiwa kumtoa, tena kwa kumwonyesha ndege.

Ndege hao walikuwa chekeamwezi, kundi zima, wakilikimbiza wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja, huku wakidokoa mchanga kwa haraka ya ajabu. Nilimweleza kwamba wengi wa ndege wa namna hii hutaga mayai kaskazini kabisa mwa dunia, halafu husafiri kuja kutafuta chakula kwenye fukwe za mbali. Akafikiri, akasema, “Kumbe hapa ni njia panda.” Nimesoma vitabu vingi kuhusu wanyama wanaohama, na sidhani kama nimewahi kukutana na maelezo mafupi kuliko hayo.

Asubuhi ya pili tuliingia mashuani mapema, kabla upepo haujaamka, kwa kuwa bahari ikishaanza kutoa mapovu meupe ni vigumu kuitambua pumzi ya nyangumi kwa mbali. Nilihakikisha kwanza kwamba jaketi lake la kujiokolea lilikuwa la kipimo cha mtoto na kwamba mikanda ilikaza. Nilimwinua kwa kushika mabega ya jaketi ili kuona kama litateleza kupita masikio, naye akalalamika kwamba namwaibisha mbele ya watu. Tulikaa katikati, karibu na tezi, yaani upande wa nyuma, ambako mashua hairuki sana kama ilivyo kwenye omo, upande wa mbele. Hata hivyo nilipatwa na kichefuchefu mimi, si yeye, ikanibidi nikazie macho upeo wa bahari.

Kwa muda wa saa moja na nusu hatukuona kitu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na mjukuu wangu, kila mmoja peke yake, ni watazamaji wabovu. Yeye ana macho makali lakini hayatulii. Hurukia shakwe, hurukia tawi linaloelea, hurukia kivuli cha wingu. Mimi najua mahali pa kutazama na naweza kutazama pahali pamoja muda mrefu bila kuchoka, ila kinachotokea huko mara nyingi sikioni. Nahodha alitufundisha kuigawa bahari kama uso wa saa, omo ikiwa namba 12, na tukakubaliana kwamba mimi nitaje namba naye atazame hapo tu mpaka nitaje nyingine. Pomboo saba au wanane walipatikana kwa njia hiyo kwenye namba 4. Kisha, kwenye namba 10, akaninong’oneza kana kwamba nyangumi angeweza kusikia: “Babu, kuna moshi.”

Haukuwa moshi, bali ilikuwa pumzi: mvuke mzito uliopanda kama mita tatu, na pembeni yake mvuke mwingine mdogo, mfupi, wa haraka. Nahodha alipunguza mwendo, kisha akazima injini tukiwa bado mbali. Nchi nyingi zimeweka kanuni kwamba mashua isimsogelee nyangumi kwa umbali usiofika mita 100, na kwa mama mwenye mtoto nafasi inayotakiwa mara nyingi ni kubwa zaidi. Abiria mmoja alinung’unika kwamba hakulipa ili atazame kwa mbali. Mimi nilimshukuru nahodha kimoyomoyo, kwani mashua isiyofukuza humwachia mnyama uamuzi, na mama yule, baada ya kuzama mara mbili, aliamua mwenyewe kupita karibu nasi zaidi ya tulivyothubutu kupita karibu naye. Upepo ulituletea harufu ya pumzi yake, harufu kali ya samaki waliosahauliwa juani. Mjukuu wangu aliziba pua na kucheka wakati mimi machozi yananilengalenga. Kila mmoja alikuwa na lake.

Mtoto wa nyangumi mwenye nundu huzaliwa akiwa na urefu wa zaidi ya mita 4, na mama aliyekomaa hufikia mita 14 au 15. Huyu mdogo alikuwa akipanda juu ya mgongo wa mama yake na kuteleza, akipanda na kuteleza. Niliposema kwamba huenda mama hajala kwa wiki nyingi, na kwamba maziwa yake yote yanatokana na mafuta aliyoyahifadhi mwilini, mjukuu wangu aliuliza swali ambalo sikulitarajia: “Bibi yake yuko wapi, amsaidie?”

Nilimjibu kwamba kwa nyangumi wa aina hii mtoto hukaa na mama yake takribani mwaka mmoja, kisha kila mmoja hushika njia yake, hivyo bibi hajulikani. Lakini kwa nyangumi muuaji mambo ni tofauti. Majike wao huacha kuzaa wakiwa na umri wa miaka 40 hivi na wanaweza kuishi miongo mingi baada ya hapo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bibi wa namna hiyo anapokufa, wajukuu wake huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka miwili inayofuata, hasa samaki wanapokuwa haba, kwa kuwa ndiye anayejua wapatikanapo. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, “Na babu zao?” Nilikiri kwamba utafiti ule ulihusu mabibi. Akanipapasa mkono, kwa huruma nadhani.

Mama alipoinua mkia kuzamia, upande wa chini ulionekana mzima, mweusi wenye mabaka meupe na pengo dogo kwenye ukingo. Mabaka hayo hayafanani kati ya nyangumi mmoja na mwingine, na kwa kulinganisha picha zake watafiti wamemtambua dume mmoja aliyepigwa picha mwaka 2013 karibu na Kolombia, katika Bahari ya Pasifiki, na tena mwaka 2022 katika mkondo wa Zanzibar, mahali pawili palipoachana kwa zaidi ya kilomita 13,000. Nilipokuwa na umri wa mjukuu wangu, nyangumi hawa walikuwa bado wakiwindwa. Uamuzi wa kimataifa wa kusimamisha uwindaji wa nyangumi wa kibiashara ulipitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1986, na katika karne hiyo moja zaidi ya nyangumi 200,000 wenye nundu walikwisha kuuawa upande wa kusini wa dunia. Hilo nililisema kwa kifupi. Mtoto alikuwa anatazama duara la maji laini kama kioo ambalo mkia huacha juu ya bahari, na sikutaka kumwondolea macho pale.

Picha niliyopiga ilitoka na ukungu kwa sababu mikono yangu ilitetemeka, na haifai kulinganishwa na yoyote. Mjukuu wangu aliuchora mkia ule usiku huohuo na kuweka pengo upande wa kushoto. Mimi nina hakika lilikuwa upande wa kulia. Kila anaponipigia simu tunaanza na suala hilo, na mpaka leo hakuna aliyekubali kushindwa.