Bata mzinga, pilau na dua mbili: namna ninavyoandaa Thanksgiving hapa Ohio

Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, kama zilivyo koo nyingi za Tanzania, na kila Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru iitwayo Thanksgiving, tunakutana kwangu Columbus. Kupika si tatizo, kwani mikono ni mingi. Kinachosumbua ni saa. Bata mzinga ana saa zake, swala ina saa zake, wazee walioko Dar es Salaam wana saa zao za kulala, na shukrani yenyewe isipotengewa nafasi humezwa na masahani. Mimi naiweka katika ile nusu saa bata anapotoka kwenye oveni na kupumzika. Mambo mengine yote ya siku hiyo nayapanga kurudi nyuma kutoka hapo.

Naanza na bata. Wale wanaorundikwa kwenye supamaketi kwa bei ya kutupa hawakuchinjwa kihalali, na Mwislamu anayejali hatakula, atajaza sahani wali na kukaa kimya. Kwa hiyo bata wangu naagiza bucha la halali mwanzoni mwa Novemba, kabla watu hawajaanza kugombania. Nakadiria paundi moja na robo kwa kila mlaji, mifupa ikiwemo. Bata wa paundi 14, yaani kilo sita na kitu, anatosha watu kumi na moja hivi, na pilau ikiwepo hata zaidi. Ukubwa ukipita paundi 16 ni bora kuchukua wawili wadogo: dude kubwa huiva mapaja wakati kidari kimeshakauka kama ubao. Kabla ya kulipa nasoma lebo nione kama amedungwa maji ya chumvi. Aliyedungwa simtii chumvi tena.

Halali haiishii kwenye bata, na hapa ndipo wenyeji wengi wa nia njema huteleza. Yale mashmelo meupe, peremende laini wanazomwaga juu ya viazi vitamu, mara nyingi yana jelatini ya nguruwe. Maharage mabichi ya Kimarekani mara nyingi hupikwa na vipande vya bekoni ya nguruwe. Unga wa pai unaouzwa umeshaandaliwa unaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na vanila ya majimaji mara nyingi imetengenezwa kwa kileo. Jirani akiuliza alete nini, namwomba matunda au soda, na hakuna anayeudhika.

Sasa barafu. Kwenye friji, bata aliyeganda anahitaji saa 24 kwa kila paundi nne au tano, kwa hiyo wa paundi 14 namhamisha kutoka friza Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi, ndani ya trei yenye kuta, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasichuruzikie mboga. Kumwacha juu ya meza ya jiko usiku kucha ni hatari: nje anapata joto la kuzalisha vijidudu huku ndani bado ni jiwe. Ukiwa umechelewa, mzamishe katika maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, nusu saa kwa kila paundi, ukibadilisha maji kila nusu saa. Kwa bata huyu ni saa saba za kusimama kwenye sinki. Inawezekana, ila ni adhabu. Na simwoshi. Najua kwetu kuku asiyeoshwa kwa ndimu haliwi, na shangazi zangu hawajanikubalia mpaka leo, lakini maji ya bomba yanarusha vijidudu kwenye sinki, kaunta na kachumbari iliyo karibu, wakati moto wa oveni unawaua wote. Namfuta kwa karatasi ya jikoni, basi.

Jumanne usiku natia chumvi: kijiko kimoja cha mezani cha chumvi ya chenga kubwa kwa kila paundi tano, kwa hiyo karibu vijiko vitatu. Ukitumia chumvi laini ya mezani, punguza hadi nusu. Napaka nje na ndani ya tumbo, na ngozi naiinua taratibu kwa vidole juu ya kidari ili chumvi ifike kwenye nyama. Kisha anarudi friji bila kufunikwa. Ngozi ikikauka ndiyo inayokuja kukakamaa vizuri; ngozi yenye unyevu huchemka, haibanikiki. Humo tumboni, na wakati mwingine kwenye tundu la shingo, kuna kifuko chenye shingo, firigisi, moyo na maini. Toa. Maini nayakaanga kivyake, mengine yanangoja pilau.

Viungo vinakuja Alhamisi asubuhi. Nachanganya siagi nusu kikombe, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari nyembamba iliyosagwa, pilipili manga, na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa. Mchanganyiko huu unakwenda chini ya ngozi. Juu ya ngozi napaka mafuta matupu, kwa sababu kitunguu saumu kikikaa juu kwa saa tatu huungua na kuleta uchungu. Maji ya ndimu siyalazi na nyama usiku kucha kama tunavyofanya kwa mishikaki; kidari cha bata mzinga kinakuwa kama kimepondwa. Nakamua mezani, kila mtu kwa kiasi chake.

Oveni iwe nyuzi 325 za Fahrenheit, karibu 163 za Selsiasi, isipungue hapo. Bata wa paundi 12 hadi 14 asiyejazwa kitu tumboni huchukua saa tatu hadi tatu na dakika 45. Simjazi mkate, kwani ujazo huo nao lazima ufikie joto la kuua vijidudu, na kufikia hapo nyama imeshakauka. Trei za foili za kutupa zinajipinda ukizibeba na mafuta ya moto, kwa hiyo naikalisha juu ya trei ngumu ya kuokea. Kidari kikianza kuwa cheusi kabla ya wakati, nakifunika na foili hicho tu.

Usihukumu kwa rangi wala kwa kile kitufe cha plastiki kilichochomekwa kwenye bata, eti kinachomoza akiiva. Nunua kipimajoto. Kichome sehemu nene ya kidari, kisha ndani ya paja bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa unaweza kukudanganya. Pote paonyeshe 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi. Na yule kijana wa familia anayetaka kumkaanga kwenye pipa la mafuta aliloliona mtandaoni, mwambie nyama yenye barafu ikiingia mafuta ya moto, mafuta hufurika na kulipuka moto, na zimamoto wa Marekani wanaonya kuhusu hilo kila Novemba.

Uzuri wa meza yetu ni kwamba haigombanii oveni. Wamarekani wenye oveni moja hupata taabu: makaroni na chizi, mikate, viazi, pai, vyote vinasubiri bata atoke. Pilau iko juu ya jiko. Shingo na firigisi nazichemsha saa moja na nusu pamoja na kitunguu, mdalasini na karafuu, na supu hiyo ndiyo inayopikia mchele. Kwa basmati iliyolowekwa nusu saa, vikombe vitano vya mchele kwa vikombe saba na nusu vya supu vinanitosha. Ukiongeza, unapata bokoboko. Vitunguu vikaangwe mpaka vikolee kahawia, maana rangi ya pilau inatoka humo. Viazi vitamu navipika kwa tui la nazi, iliki na chumvi kidogo kama futari, na hayo mashmelo hakuna anayeyaulizia. Kranberi, zile beri nyekundu chachu, ni rahisi kuliko zote: mfuko wa wakia 12, kikombe cha sukari, kikombe cha maji, kipande cha tangawizi na kijiti cha mdalasini, dakika kumi mpaka zipasuke. Ikipoa inaganda yenyewe. Waambie wageni ni chatne, watajua wailie na nini. Kwa pai ya boga, angalia kopo vizuri: kuna la boga tupu na kuna lililokwisha kutiwa sukari na viungo, na sura zao zinafanana mno.

Ratiba ya siku inafuata jua. Mwishoni mwa Novemba hapa Columbus Alasiri huingia karibu saa tisa na Magharibi muda mfupi baada ya saa kumi na moja. Wakristo wa familia wanakwenda ibada ya shukrani Jumatano jioni, kwa hiyo asubuhi yao iko wazi. Saa nne asubuhi tunapiga simu nyumbani. Tofauti ni saa nane, na Dar ni saa kumi na mbili jioni, wazee wako macho na hawajaanza chakula cha usiku. Ukingoja mpaka mkae mezani, kule ni karibu usiku wa manane. Watoto wanapokezana simu, shikamoo bibi, shikamoo babu, kila mmoja na lake. Saa tano bata anaingia. Kati ya saa nane na saa tisa kasoro robo anatoka, anafunikwa foili kwa ulegevu, na asikatwe kwa nusu saa walau. Akikatwa mapema maji yote yanamwagika kwenye ubao na nyama inabaki makapi. Pai na makaroni zinaingia oveni wakati huo.

Hapo ndipo penyewe. Wanaoswali wanaswali Alasiri chumba cha mbele, ambako nimeshatandika mikeka na kuzima televisheni yenye mpira. Wakimaliza, wote tunakaa, na shukrani inaanza huku chakula kikiwa bado jikoni. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Watoto wakishaona sahani, kila mmoja atasema anashukuru kwa familia na afya, apumue, achukue kijiko. Wakiwa hawaoni chakula wanasema kweli.

Desturi ya Wamarekani ni kuzunguka meza kila mtu akitaja anachoshukuru. Kwa wazee wetu inaleta ukakasi: kutaja gari jipya au kazi nzuri mbele ya ndugu asiye na kazi ni kujitapa. Kwa hiyo sharti letu ni moja: taja mtu na alichokutendea, si kitu ulichopata. Mtoto anasema, namshukuru mjomba aliyenipeleka mazoezini wakati wa theluji. Mjomba anajikuna kichwa, hakujua kama ilihesabiwa. Siku mbili kabla nagawa vikaratasi, kwani asiyejiandaa huhutubia. Wadogo wanaanza, mkubwa kuliko wote anafunga, maana akianza yeye hakuna atakayethubutu kusema tofauti. Waliofiwa mwaka huo siwalazimishi. Jina la marehemu linatajwa, Waislamu wanamsomea Fatiha, Wakristo wanainamisha vichwa, tunaendelea.

Dua ni mbili, na wasomaji wanajulikana tangu Jumatano. Upande mmoja husoma mwanzo wa Zaburi ya 136, “Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema,” na sala fupi. Upande wa pili husoma aya ya saba ya Surat Ibrahim, inayoahidi nyongeza kwa mwenye kushukuru, na dua. Kila upande unaitikia amina ya wake na kumsikiliza mwenzake kwa adabu. Sala moja ya kuchanganya dini mbili siipendi. Inaishia kutomridhisha mtu yeyote. Masheikh wenyewe wamehitilafiana kama inafaa kushiriki siku hii, na ndugu anayeona haifai simbishii. Namkaribisha Ijumaa baada ya swala, anakula kama mgeni wa kawaida.

Watoto hurudi kutoka shule na hadithi ya mwaka 1621, wale “mahujaji” wa Plymouth, walowezi Waingereza, wakila pamoja na Wawampanoag, wenyeji asilia wa hapo. Nawaachia, ila nawaongezea mambo mawili. Aliyetangaza siku ya kitaifa ya Novemba ni Abraham Lincoln, mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Alhamisi ya nne iliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 1941. La pili, tangu 1970 wenyeji asilia hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza ardhi na watu wao waliopotea. Mtoto wa miaka kumi anaweza kubeba yote mawili. Kwa wazee haihitaji maelezo: waliolelewa katika KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wanaiona kama sikukuu ya mavuno, ile ya kupeleka mahindi, ndizi na kuku kanisani vikapigwa mnada. Mnada hatuna, lakini kila familia inakuja na makopo na mchele wa kupeleka kwenye ghala la chakula la mtaa linalogawia wahitaji, na sanduku linakaa mlangoni ili wa kusahau aone aibu kidogo.

Tunakula saa tisa na nusu. Nyama isikae mezani zaidi ya saa mbili tangu itoke motoni, kwa hiyo kabla watu hawajaenda kutawadha kwa Magharibi imeshachambuliwa kwenye mifupa na kuingizwa friji katika vyombo vya kina kifupi. Sufuria lililojaa huchukua usiku kucha kupoa katikati. Vyombo vya kufungashia nanunua mapema, la sivyo bakuli zangu zinahama mji. Friji inaitunza siku tatu hadi nne. Ijumaa kidari kilichobaki nakipasha ndani ya mchuzi wa nazi, kwa sababu kikipashwa kikavu hakimezeki, na mifupa inachemshwa saa tatu. Supu hiyo nagandisha kwenye mifuko iliyolazwa bapa, inakaa friza mpaka Ramadhani, na kwa uji wa shayiri wa kufuturia sijaona inayoishinda.