Gata lililoziba

Leo nimeshinda juu ya paa la maktaba ya chuo pamoja na fundi. Wiki nzima dari la ghorofa ya juu lilikuwa likivuja, na kila mtu alishasema paa limeoza, libadilishwe lote. Tulipopanda tukakuta gata limejaa majani, na mche wa mti umeshaota humo, mizizi imejipenyeza kwenye maungio. Maji yakikosa pa kupita hurudi nyuma na kuingia chini ya bati. Tumetoa ndoo nne za uchafu, tukaziba maungio, tukamwaga maji kupima. Yakashuka vizuri. Nilifurahi mno!

Kilichoniuma ni nguzo ya pembeni. Unyevu umefika kwenye nondo, zimeshika kutu, na kutu huvimba, ndiyo maana zege limepasuka na linameguka. Hapo ndoo haisaidii: ni kubomoa sehemu iliyooza, kusugua nondo, kisha kujaza zege upya. Wanafunzi wanapita chini ya nguzo ile kila siku, kwa hiyo nimezungushia utepe na kuandika ombi la fedha jioni hii hii. Kesho naanza magata ya mabweni.