Nilivyofunga laida kwenye roboti yangu ya nyumbani, na ushauri nilioukataa

Karibu kila niliyemweleza kwamba ninatengeneza roboti ndogo ya magurudumu inayopaswa kujua yenyewe ipo sehemu gani ya nyumba alinijibu kwa herufi tatu: GPS. Muuzaji mmoja wa vifaa vya umeme pale Kariakoo alikwenda mbali zaidi, akanitolea moduli ya GPS ya NEO-6M na kuniambia, "Kaka, chukua hii, habari imeisha." Moduli hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini usahihi unaotajwa na watengenezaji wake ni takribani mita 2.5, tena pale inapoiona anga bila kizuizi, ilhali sebule yangu haifiki mita tano kwa urefu na juu yake pana bati ambalo mawimbi ya setilaiti hayalipenyi. Kwa kosa la kiasi hicho, roboti inayodhani ipo kando ya kochi inaweza kuwa tayari imo jikoni. Mshauri mwingine akapendekeza dira ya kielektroniki, bila kukumbuka kwamba mota za roboti zina sumaku ndani yake na kwamba zege la sakafu limejaa nondo. Naandika haya kwa sababu ushauri wa namna hii bado unagharimu vijana wengi fedha zao.

Kihisi nilichochagua ni laida, yaani kipima umbali kwa leza, aina ya RPLIDAR A1 ya kampuni ya Slamtec ya China. Kichwa chake huzungushwa na mota ndogo kwa mkanda wa mpira, takribani mara 5.5 kwa sekunde, huku leza ikimulika na kamera ndogo iliyo pembeni yake ikitazama mwanga umerudi kwa pembe gani. Kutokana na pembe hiyo umbali hukokotolewa kwa hesabu za pembetatu za kidato cha pili. Hufika hadi mita 12, kiasi ambacho kwa nyumba yangu ni anasa. Laida hueleza kuta ziko wapi, na enkoda zilizo nyuma ya mota hueleza magurudumu yamezunguka kiasi gani; kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 huyaunganisha hayo mawili kwa programu za roboti ziitwazo ROS 2. Kuweka programu sikuelezi, kwa kuwa maelekezo yake yapo tele na yanafuatika.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni umeme. Mchoro nilioukuta kwenye video maarufu ulielekeza kila kitu, yaani Pi, laida na mota za magurudumu, kichukue volti 5 kutoka kwenye kishusha volti kimoja cha LM2596 kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nilikifunga kama kilivyochorwa. Roboti ikiwa imesimama, kila kitu kilikwenda vizuri: laida ilizunguka, nukta za kuta zikajipanga kwenye skrini. Mara tu nilipoiamuru itembee, Pi ilizima na kujiwasha upya. Nilipoandika amri ya vcgencmd get_throttled baada ya jaribio jepesi zaidi ambalo halikuizima kabisa, jibu lilikuwa 0x50000, ambalo kwa lugha ya mtaani ni kwamba umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango na Pi ikalazimika kupunguza kasi. Kiwango chenyewe ni volti 4.63. Hapo watu huanza kulaumu laida, wengine huirudisha dukani.

Nilikitafuta chanzo kwa testa ya kawaida, na hapa naomba nijisifu kidogo. Testa ni nzito kuitikia. Umeme ukishuka kwa kufumba na kufumbua, yenyewe haioni kitu. Kwa hiyo niliweka ncha zake moja kwa moja kwenye pini ya 2 na ya 6 za Pi, yaani chanya ya volti 5 na hasi, si kwenye kishusha volti, nikaamuru mota ziende, kisha nikalishika gurudumu kwa mkono lisizunguke. Mota iliyozuiwa huvuta umeme mwingi kuliko inapotembea, na huendelea kuuvuta kwa muda wote unaoishikilia, hivyo mshuko uliokuwa unapita kama umeme wa radi ukasimama mbele ya macho yangu: volti 5.1 ikawa 4.4. Nikihamisha ncha hadi kwenye kishusha volti chenyewe, nilisoma 4.7. Tofauti ya volti 0.3 ilikuwa inapotelea kwenye nyaya nyembamba za jampa, zile za rangirangi zinazouzwa kwa mafungu. Anayetaka kurudia jaribio hili asizidishe sekunde mbili au tatu, maana kidhibiti cha mota hupata moto haraka.

Tiba ilikuwa kutenganisha. Mota sasa huchukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia kidhibiti chake, na kishusha volti chenye uwezo wa ampea 5 kinailisha Pi peke yake kwa waya mnene na mfupi. Laida hupata umeme wake kupitia USB ya Pi, ambayo inatosha. Nyaya zote za hasi hukutana mahali pamoja, karibu na betri. Fundi redio wa mtaani kwetu alinichomolea kapasita ya mikrofaradi 2200 kutoka kwenye amplifaya iliyokufa, nikaifunga kwenye njia ya umeme wa mota, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa sababu kapasita ya aina hiyo ikigeuzwa hupasuka. Tangu siku hiyo amri ile ile hunijibu 0x0, yaani hakuna hitilafu.

Nyaya za mawasiliano ni rahisi kama hutaki ushujaa. Wapo wanaounganisha laida moja kwa moja kwenye pini za Pi ili kuokoa kibao kidogo cha saketi cha USB kinachokuja nayo, kisha wanalalamika kwamba laida imekufa, kumbe hawakuipa ishara pini ya MOTOCTL, na bila ishara hiyo kichwa hakizunguki. Kibao hicho hufanya kazi hiyo chenyewe. Enkoda nilizipeleka kwenye Arduino Nano, kibao kingine kidogo cha kupangiwa programu, na hilo nililifanya kwa makusudi: Nano hupokea volti 5 bila shida, ilhali pini za Pi hazivumilii zaidi ya 3.3. Rangi za nyaya za enkoda msiziamini. Mota mbili zangu za duka moja zilikuwa na mpangilio tofauti, basi soma maandishi kwenye kibao cha saketi kilicho nyuma ya mota.

Baada ya hapo ilijitokeza kero ndogo iliyonichosha kuliko ukubwa wake. Laida na Nano vyote huonekana kwenye Pi kama milango ya ttyUSB, na kila unapoiwasha upya Pi, kinachowahi kutambuliwa ndicho huitwa ttyUSB0. Siku moja programu inasoma laida, siku nyingine inajaribu kuisoma Nano na kuniambia hakuna kihisi. Ushauri niliopewa ulikuwa wa kuchomoa na kuchomeka kwa zamu. Dawa ya kweli ni faili fupi ndani ya /etc/udev/rules.d: kifaa chenye namba 10c4 na ea60, ambayo ni chipu ya CP2102 ya laida, kiitwe "laida", na chenye 1a86 na 7523, chipu ya CH340 ya Nano yangu, kiitwe "magurudumu". Majina hayo hayabadiliki tena hata ukivichomeka kinyumenyume.

Kujua kama laida imefungwa ikitazama mbele, niliweka boksi moja la katoni mbele ya roboti na lingine dogo kushoto, kisha nikatazama skrini. Boksi moja tu lingetosha kuonyesha mbele na nyuma, lakini lisingeonyesha kama picha imegeuzwa kama ya kioo, na picha iliyogeuzwa huharibu ramani kwa namna ambayo huitambui hadi roboti ikate kona. Kwa enkoda nilitumia sakafu: marumaru zangu ni za sentimita 40, hivyo niliisukuma roboti kwa mkono marumaru tano na kurekebisha hesabu hadi kompyuta nayo iseme mita 2. Sakafu iwe kavu, kwa maana gurudumu likiteleza enkoda huhesabu safari ambayo haikuwepo.

Ramani ya kwanza ilikuwa nzuri isipokuwa upande wa kabati la vyombo, ambako ilichora shimo. Leza hupita kwenye kioo au hurudishwa kwingine, na kwa laida kioo si ukuta. Nilibandika mkanda wa tepu ya karatasi kwenye milango ya kabati, kwenye kimo kile kile cha kichwa cha laida, na shimo likazibika. Mke wangu aliitazama ile tepu, akauliza, "Baba Neema, hiyo itakaa hapo mpaka lini?" Bado ipo.

Gharama yote ilizidi kidogo laki tano. Laida peke yake, pamoja na usafirishaji, ilikula zaidi ya nusu yake. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye fremu, ambayo mimi niliikata kwenye kipande cha plaiwudi, usibane kwenye kishusha volti na nyaya.

Kwa sasa roboti hujitambua kwa programu ya AMCL, ambayo hutawanya makisio kati ya 500 na 2000 ya mahali inapoweza kuwa, kisha huyachuja kwa kulinganisha kila mmuliko wa laida na ramani. Sebuleni, penye miguu ya meza, kochi na kona nyingi, makisio hukusanyika pamoja upesi. Koridoni ni hadithi nyingine: kuta mbili sambamba hufanana kwa urefu wote, makisio husambaa kama mstari, na roboti haijui imefika wapi hadi ipite mlango wa bafu ulio wazi. Kwa sababu hiyo huwa naiwashia sebuleni.