Mvumo wa Pasua

Ukumbi tulioazima Pasua, Moshi, ulikuwa wa bati tupu bila dari, na ilikuwa Aprili. Anayeijua masika ya Moshi ameshaelewa nusu ya taabu zetu.

Tulikuwa saba. Tarumbeta mbili na tromboni zilitoka kwenye bendi ya usharika. Mmoja alileta baragumu la pembe ya tandala, wawili walishika ngoma na debe, na mimi nilikuwa na kompyuta, miksa ndogo na rundo la waya. Tulikubaliana kupiga dakika 40 bila wimbo wala ufunguo wa muziki, na bila mtu wa kuhesabu "moja, mbili, tatu". Ni muziki wa kubuni papo hapo, wa ukoo mmoja na ule ambao kundi la AMM lilianza kuupiga London mwaka 1965, na Musica Elettronica Viva kule Roma mwaka uliofuata. Wapuliza matarumbeta wenyewe hawakujali sana habari za London. Walitaka kujua wataanzaje na wataishaje.

Taabu ya kwanza ilijitokeza mazoezini, wala haikuhusu mitambo. Mpuliza tarumbeta wa Kilimanjaro amekulia kwenye nyimbo za sauti nne kanisani na kwenye arusi, juu ya pikapu, mahali ambapo kunyamaza ni kosa: ukinyamaza, shughuli imepoa. Kwa hiyo kila mtu alijaza kila upenyo. Tuliponea kwa mazoezi mawili ya John Stevens, mpiga ngoma wa London. La kwanza, kila mtu atoe mlio mfupi kadiri awezavyo, kisha asubiri. La pili, kila mtu avute sauti moja mpaka pumzi iishe, avute hewa, arudie. Hilo la pili lilinifichua mimi. Wenzangu walikatika kupumua, kompyuta ikaendelea kama kinu cha kusaga, na wakirudi wanakuta nafasi yote imekaliwa. Tukaweka sharti: nami nibane pumzi, na nikivuta hewa nishushe kitufe cha sauti. Hakuna mvumo wangu uliopita sekunde 15 au 20 baada ya hapo, isipokuwa mmoja, nitaufikia.

Debe la lita 20 nililibandika piezo, kile kisahani cha shaba cha milimita 27 kinachopatikana ndani ya vidude vya kupigia mlio. Mara ya kwanza nilikichomeka moja kwa moja kwenye miksa na debe likalia kama kikopo cha biskuti. Sababu ni kwamba piezo ni kama kapasita (kifaa kidogo cha kutunza chaji ya umeme) ya nanofaradi 20 hivi. Ikikutana na tundu lenye ukinzani wa kilo-omu 10, sauti zote zilizo chini ya takriban Hz 800 (mitetemo 800 kwa sekunde) zinafifia. Tundu la gitaa lenye mega-omu 1 linaushusha mpaka huo hadi Hz 8. Nilihamisha waya tu, na debe likapata tumbo.

Siku yenyewe ngoma zilifika saa kumi na moja jioni zikiwa zimekaza vizuri. Mvua ilipoanza, ngozi zilinywa unyevu zikalegea, mlio ukawa kama wa kupiga godoro. Tukawasha jiko la mkaa kibarazani. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, inakaza ndani ya dakika chache. Ya ng'ombe inachelewa, na ukiisogeza mno inapasuka pale ilipowambwa ukingoni, kwa hiyo unaizungusha taratibu na kuigonga kwa kidole kila mara. Wapigaji wakawa wanapokezana, mmoja ukumbini, mwenzake kwenye jiko. Hatukupanga hivyo, lakini ngoma moja iliyobaki ndani ilisikika kuliko mbili zilivyosikika mazoezini.

Bati nalo likanguruma. Kosa ambalo karibu nilifanye ni kupandisha maiki za tarumbeta: ukipandisha maiki unapandisha na mvua, halafu spika zinaanza kupiga filimbi. Dawa ni umbali. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya maiki na mdomo wa tarumbeta, unapata desibeli 6 zaidi za tarumbeta, na mvua inabaki palepale. Nilizisogeza kutoka sentimita 40 hadi 20, kisha 10, na kule kwenye miksa nikashusha.

Sasa ule mvumo. Amplifaya ilikula umeme wa ukuta wa mbele, chaja ya kompyuta wa ukuta wa nyuma, na waya wa sauti ukaziunganisha. Hapo ethi, yaani waya wa umeme unaoshuka ardhini, inafanya mzunguko na umeme wa Hz 50 unaingia kwenye muziki. Spika zetu ndogo hazikuweza kushuka hadi 50, kwa hiyo kilichosikika ni mwenzake wa mara mbili, Hz 100. Niliusikia tangu mwanzo, nikakereka kimyakimya.

Mzee wa tromboni aliusikia pia, ila hakukereka. Dakika ya 20 hivi alivuta mrija hadi nafasi ya nne, akapuliza G ya chini, Hz 98. Ile tofauti ya Hz mbili kati yake na mvumo ikatetemeka hewani mara mbili kila sekunde. Akarudisha mrija polepole, kama sentimita tatu, mtetemo ukapungua mwendo, ukalala. Tarumbeta zikanyamaza. Baragumu likaingia juu yake, mara moja, likatoka. Mle ndani mlibaki sauti moja nene isiyojulikana inatoka kwenye shaba au ukutani.

Nami nikachagua dakika hiyohiyo kuwa fundi. Dawa ya mvumo nilikuwa naijua: vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, au kompyuta itumie betri. (Wapo wanaokata pini ya ethi. Usikate, hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti.) Nikainama, nikachomoa chaja.

Mvumo ulikatika kama uzi. Mzee akabaki peke yake na noti iliyokaa kati ya G na G iliyopandishwa, noti ambayo hakuna bendi ya usharika inayoihitaji. Akaishikilia hadi pumzi ikaisha, akashusha tromboni, akanigeukia.

"Mangi," akasema kwa sauti ya kawaida, watu wote wakasikia, "kiti changu umekipeleka wapi?"

"Samahani, mzee."

Nikaichomeka chaja tena. Mvumo ukarudi vilevile, Hz 100, lakini mzee alikuwa ameshahamia kwenye milio mifupi pamoja na debe, na safari hii ilikuwa kelele tu. Nikachomoa.