Nilivyoandaa oksimita ya kuhimili baridi ya Makete

Zile oksimita ndogo za kubana kidole, vifaa vinavyoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu, zinauzwa hata Mbeya mjini, na kwa mtu mzima aliyekaa mahali pa joto hazina neno. Sasa ipeleke zahanati ya Makete, asubuhi ya mwezi wa saba, umbane nayo mtoto mchanga anayekohoa. Kioo kinatoa vistari, au namba zinaruka tu: 97, 71, 88. Niliwahi kumuuliza muuguzi wa zahanati moja huko yao iko wapi. "Iko kabatini, mwanangu. Inatupa presha bure."

Kifaa hiki hupitisha mwilini mwanga mwekundu na wa infraredi, kisha husoma kiasi kilichonyonywa na damu kwa kila pigo la moyo. Baridi ikibana mishipa ya vidole, pigo linafifia na mashine haina cha kusoma. Mtoto akirusha miguu, au jua la dirishani likapenya kwenye sensa, yaani kihisio kinachosoma mwanga huo, ndiyo basi tena.

Sehemu ya kupima sikuitengeneza mwenyewe, ingawa kazi yangu ni elektroniki na sensa za bei poa ziko tele mtandaoni. Kugeuza mwanga kuwa asilimia kunahitaji vipimo vya watu waliojitolea kuvuta hewa yenye oksijeni pungufu, chini ya uangalizi, mpaka oksijeni ya damu yao ishuke kukaribia asilimia 70. Maabara ya namna hiyo sina. Halafu kuna suala la rangi: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba oksimita huwapandishia namba wagonjwa weusi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Kwa hiyo nilinunua moduli, yaani sehemu ya kupima iliyo tayari, iliyokwisha kupimwa, na swali langu la kwanza kwa muuzaji lilikuwa kama watu weusi walikuwemo kwenye vipimo hivyo.

Nguvu zangu zikaenda kwenye mguu wa mtoto. Badala ya kubana kidole, sensa inafungwa kuzunguka unyayo kwa mkanda laini wa mpira, mweusi kwa nje ili mwanga usipenye. Juu yake mtoto anavalishwa soksi yake mwenyewe ya sufu. Huku hakuna mama anayekuja kliniki bila soksi za mtoto, na mguu ukishapata joto kidogo namba inatulia. Mkanda unafutwa kwa spiriti kabla ya mtoto mwingine. Nilishauriwa nitengeneze soksi maalumu zenye sensa ndani. Nikakataa, nani atazifua na kuzikausha kila baada ya mgonjwa?

Umeme ulinisumbua kidogo sana. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa kwenye baridi ya kugandisha, nami nikaweka betri za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo duka lolote la kijijini linazo.

Kazi kubwa ilibaki kwenye namba yenyewe. Chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni, hilo liko wazi. Ila uwanda wa Kitulo, huko huko Makete, uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenye miinuko hiyo hata mtoto mzima wa afya husoma chini kuliko wa Dar es Salaam. Je, 92 ni ugonjwa au ni mlima? Tabibu tuliyefanya naye kazi alisisitiza namba isisimame peke yake: kifua kinabonyea? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 50 na kuendelea ni haraka. Nikaongeza kitufe kinachohesabu sekunde 60 na kulia mwishoni, na wauguzi wanakitumia hata kwa watoto wasiofungwa sensa.

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, bado haijakisajili kifaa changu. Tunakijaribu kwa kibali cha maadili ya utafiti: namba zake zinaandikwa kwenye daftari la pembeni, na rufaa inaamuliwa kwa oksimita iliyosajiliwa pamoja na hesabu ya muuguzi.