Tangi la wagonjwa, lita 32: kumbukumbu ya siku 14

Wagonjwa: samaki wawili wa dhahabu, kila mmoja kama sentimita 6, wana madoadoa meupe mkiani na kwenye mapezi, kama wamenyunyiziwa chumvi. Ni ugonjwa wa madoa meupe (ich), unaoletwa na vimelea vya ngozi.

Maandalizi. Kioo ni cha lita 40 lakini maji ni lita 32, na mstari umechorwa kwa maka peni pembeni. Dozi zote zinahesabiwa kutoka mstari huo. Hakuna changarawe wala mimea. Kuna vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi 3 vya kujifichia, hita, kipimajoto, pampu ya hewa na chujio la sponji lililotolewa tangi kubwa. Ndiyo, sponji hiyo ina vimelea, lakini samaki wenyewe wanavyo tayari. Kinachotakiwa humo ni bakteria wanaokula amonia, sumu inayotokana na taka za samaki.

Maji ya bomba yamekaa kwenye ndoo saa 24 huku yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Asiyeweza kusubiri atumie sodiamu thiosulfati: kama miligramu 7 kwa lita kwa kila miligramu 1 ya klorini. Maji ya kisima hayana klorini, lakini nayo yapulizwe. Mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na hewa ya kaboni nyingi na oksijeni kidogo, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) iliyopimwa kisimani sio itakayosomeka kesho yake.

Siku ya 1. Joto nyuzi 27, pH 8.0, amonia 0 (miligramu kwa lita, hapa na kote chini). Chumvi gramu 2 kwa lita, yaani gramu 64, imegawanywa mara tatu kwa kupishana saa 12, ikiyeyushwa kwanza kwenye kikombe. Ipimwe kwa mizani, maana kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani. Joto linapandishwa nyuzi 1 kila saa 8 hadi 30. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu haizimwi. Umeme ukikatika, ya betri ichukue nafasi.

Methilini bluu, dawa ya samaki, imeachwa makusudi. Inaua bakteria wa sponji, na hapo unabaki na kazi ya kubadilisha maji kila siku.

Siku ya 2. Amonia 0.25. Madoa yameongezeka, na hapa ndipo wengi huongeza dozi. Wasiongeze. Kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi hakiguswi na chumvi. Hupatikana kikishatoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine. Joto linaharakisha kutoka huko, basi.

Siku ya 3. Amonia 1.0. Samaki wako juu wanahema, matamvua yanakwenda mbio. Mtu angesema ugonjwa umezidi, kumbe ni maji. Chanzo kimepatikana: sponji ilisuuzwa bombani kabla ya kuhamishwa, klorini ikaua bakteria. Ilipaswa kukamuliwa kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Namba 1.0 peke yake haitoshi kusema hatari ni kubwa kiasi gani. Kwa pH 7.0 na nyuzi 30, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8.0 inafika asilimia 7 hivi, yaani miligramu 0.07 kwa lita hapa, na hiyo inachoma matamvua. Zimetolewa lita 16, zimeingia lita 16 zenye joto lile lile na gramu 32 za chumvi. Sio 64! Chumvi inatoka na maji yaliyotolewa tu. Yaliyokauka kwa mvuke hujaziwa maji matupu. Chakula kimesitishwa siku mbili.

Siku ya 4 na 5. Lita 16 kila asubuhi, gramu 32 kila mara. Sponji nyingine imeletwa, safari hii ndani ya mfuko wa maji yake. Amonia 0.5, kisha 0.25.

Siku ya 7. Madoa hayaonekani. Matibabu yanaendelea.

Siku ya 8. Amonia 0, nitriti 0.5 (nayo ni sumu, ndiyo bakteria wanayoigeuza amonia kuwa). Kloridi ya chumvi huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua, kwa hiyo zimebadilishwa lita 8 tu, na gramu 16 zimerudishwa.

Siku ya 11 hadi 13. Nitriti 0. Lita 8 kila siku bila chumvi: kutoka gramu 2 kwa lita hadi 1.5, 1.1, mwisho 0.8. Joto nalo linashushwa polepole.

Siku ya 14. Samaki wamerudi tangi kubwa, lililokaa bila samaki muda wote huo kwa nyuzi 28 ili vimelea vife kwa kukosa mwenyeji. Humo kilitiwa chakula kidogo kila siku, kioze, bakteria wasife njaa. Sponji hazirudi huko. Wavu, mpira wa kunyonyea maji na mabomba vimeanikwa juani hadi vikauke kabisa.