Florida State 2023: bado roho inaniuma

Jana kazini tumebishana tena kuhusu Florida State ya 2023, timu ya chuo kikuu ya American football huko Marekani. Mechi 13, ushindi 13, ubingwa wa ligi yao, ACC, mkononi, halafu kamati ya watu 13 ikawaacha nje ya timu nne bora za kuwania ubingwa wa taifa, ikaichukua Alabama iliyokwisha kufungwa na Texas, tena nyumbani kwake! Sababu? Jordan Travis, mrusha mpira wao, aliumia mguu Novemba. Jamaa akanitajia kile kipigo cha 63-3 walichopata baadaye kutoka kwa Georgia. Ndugu yangu, wachezaji kibao walishajiondoa kabla ya mechi ile. Kwangu mimi, Alabama ilibebwa na jina la ligi yake, SEC. Kama kushinda zote hakutoshi, vijana wale walitakiwa wafanye nini zaidi?